KUPE NA NDIGANA
Mashauri kwa Wenye Ng'ombe wa Nyamwaga na Jirani Zao

1. Sababu ya mashauri haya

Katika nchi ya Nyamwaga, na katika vijiji vyote vya Tarime na Serengeti, ng'ombe ndiye atoaye maziwa ya watoto, ndiye avutaye plau wakati wa kulima, naye ndiye atolewaye mahari kijana aoapo. Kwa hiyo afapo ng'ombe mmoja hasara yake haiishi zizini. Shamba huchelewa kulimwa, watoto hukosa maziwa, na arusi huahirishwa.

Watu wengi wakiona ng'ombe amekufa husema, "Ni ndigana," wakaacha hapo, kana kwamba jambo hili halina sababu wala kinga. Lakini sababu yake yajulikana, na kinga yake yajulikana pia. Jambo kubwa la kujifunza katika maneno haya ni hesabu ya siku. Kupe ana siku zake, ugonjwa una siku zake, na mfugaji azijuaye siku hizo aweza kumwokoa ng'ombe wake.

2. Ndigana si ugonjwa mmoja

Jina la ndigana hutumika kwa maradhi mbalimbali, na dawa ya moja haiponyi jingine. Maradhi makubwa yaletwayo na kupe katika nchi yetu ni manne.

(a) Ndigana kali. Huu ndio uuao wengi, hasa ndama na ng'ombe wa kizungu au chotara. Huletwa na kupe wa rangi ya kahawia apendaye kukaa ndani ya masikio. Tezi iliyo chini ya sikio huvimba, kisha tezi iliyo mbele ya bega. Homa hupanda, ng'ombe huacha kula na kucheua, machozi humtoka, hukohoa na kuhema kwa shida. Karibu na kufa povu jeupe hutoka puani. Ukimpasua aliyekufa utaona mapafu yamejaa maji, na koo la pumzi limejaa povu.

(b) Ndigana baridi. Huletwa na kupe wa bluu, na pengine na nzi waumao au sindano isiyosafishwa. Huwapata zaidi ng'ombe wakubwa. Ufizi hupauka, kisha huwa wa manjano. Choo huwa kigumu na kikavu. Ng'ombe hukonda upesi. Mkojo hauwi mwekundu.

(c) Mkojo mwekundu. Huletwa na kupe wa bluu pia. Ng'ombe hushikwa na homa kali, naye hukojoa mkojo wa rangi ya damu au ya kahawa.

(d) Maji moyo. Huletwa na kupe mkubwa mwenye madoa ya rangi nzuri mgongoni. Ng'ombe, mbuzi na kondoo wote huupata. Mnyama hutembea akiinua miguu juu sana, huzunguka, hutetemeka, huanguka na kupigapiga miguu hewani. Akipasuliwa, mfuko wa moyo huonekana umejaa maji.

Basi kabla ya kununua dawa yoyote, tazama kwanza: tezi, ufizi, mkojo, na mwendo wa mnyama. Mambo haya manne hayahitaji chombo wala fedha.

3. Habari za ugonjwa huu zamani

Ndigana kali ni ugonjwa wa Afrika, nao ulikaa kwetu kabla haujajulikana kwingine. Mwaka 1901 na 1902 ng'ombe walisafirishwa kwa meli kutoka pwani ya Afrika ya Mashariki kwenda Beira, ili kujaza nchi za kusini ambazo ng'ombe wake walikuwa wamekwisha kwa sotoka na kwa vita. Ugonjwa ulisafiri pamoja nao, ukaua ng'ombe wengi mno huko. Ndiyo sababu Waingereza waliuita homa ya pwani ya mashariki.

Mwaka 1904 mtaalamu wa wadudu wa Rasi ya Tumaini Jema, Bwana Charles Lounsbury, alithibitisha kwamba mwenye kuuchukua ni kupe wa kahawia wa masikio. Tangu hapo watu wa Afrika ya Kusini walifanya kazi kwa miaka hamsini: waliogesha ng'ombe kwa siku zilizohesabiwa, wakazuia ng'ombe wasihamishwe ovyo, na malisho yenye ugonjwa wakayaacha wazi bila ng'ombe zaidi ya mwaka mmoja. Hata katika miaka ya 1950 wakaumaliza. Sisi hatuwezi kuumaliza hivyo, kwa kuwa nyati wa Hifadhi ya Serengeti wanao ugonjwa katika damu yao bila kuumwa, na kupe wanyonyao kwa nyati hushuka majanini ambamo ng'ombe hupita. Lakini tusiloweza kulimaliza twaweza kulizuia.

4. Maisha ya kupe

Kupe jike wa kahawia akishiba damu hujiangusha chini, akataga mayai elfu tatu na zaidi, kisha akafa. Mayai huanguliwa kuwa watoto wadogo wenye miguu sita. Mtoto hupanda jani, hungoja mnyama, hunyonya siku chache, hushuka, hujivua ngozi akawa kijana mwenye miguu minane. Kijana naye hufanya vivyo hivyo, akawa kupe mzima. Kwa hiyo kupe huyu hupanda mnyama mara tatu katika maisha yake, na kila mara aweza kupanda mnyama mwingine. Asipopata mnyama aweza kungoja majanini miezi mingi, hata kupita mwaka.

Ndigana kali haipiti katika mayai. Mtoto wa kupe huzaliwa akiwa safi. Akinyonya damu ya ng'ombe mwenye ugonjwa, huuchukua, na akiisha kuwa kijana humwambukiza ng'ombe mwingine. Kijana naye akiuchukua, huutoa akiwa mkubwa. Kwa kupe wa bluu jambo ni tofauti: yeye hukaa juu ya ng'ombe mmoja tangu utoto hata uzima, na mbegu za mkojo mwekundu hupita katika mayai yake hadi kwa watoto.

5. Hesabu ya siku

Hapa ndipo pa kusikiliza sana. Kupe wa kahawia anapouma, mbegu za ndigana kali zilizo katika tezi za mate yake bado hazijakomaa. Hukomaa kwa joto na damu ya ng'ombe, na kwa kawaida kupe hunyonya siku tatu au nne kabla ya kuzitia mwilini mwake. Kijana wa kupe hunyonya siku nne hadi saba. Jike mzima hunyonya siku saba hadi kumi, kisha hushuka.

Kwa hiyo kupe afaye siku ya kwanza au ya pili hakudhuru ng'ombe wako kwa ndigana kali. Kupe unayemwona amevimba kama punje ya harage amekwisha kufanya kazi yake.

Baada ya kuambukizwa, tezi ya chini ya sikio huanza kuvimba kwa siku 8 hadi 12, na homa hufuata upesi. Ng'ombe asiyetibiwa mara nyingi hufa kati ya siku ya 18 na ya 30. Siku za kumponya ni chache, nazo ni zile za mwanzo.

6. Kuogesha

Ogesha kila siku ya saba, siku ile ile ya juma. Dawa hubaki katika manyoya siku kadhaa. Kupe apandaye siku za kwanza hufa kwa dawa iliyobaki. Apandaye siku za mwisho hukutwa na josho lijalo kabla hajashiba. Mtu aogeshaye kila mwezi huwapa kupe majuma matatu ya kula bila hofu. Mahali penye kupe wengi sana, au kwa ng'ombe wa kizungu, Bwana Mifugo aweza kushauri mara mbili kwa juma.

Penye josho, fuata haya:

(a) Wanyweshe ng'ombe maji kwanza, wasije wakanywa dawa kwa kiu.

(b) Wapumzishe wakifika. Ogesha asubuhi, wala si wakati wa mvua au wa jua kali.

(c) Wapitishe katika maji ya kuoshea kwato, ili matope yasiharibu dawa.

(d) Ng'ombe wa kwanza hukoroga dawa iliyotuama. Basi hao warudishwe waoge mara ya pili.

(e) Ndama waoge peke yao, wasikanyagwe na wakubwa.

(f) Baada ya kuoga wasimame katika sakafu ya kuchuruzia, dawa irudi joshoni.

Asiye na josho atumie bomba la mkono. Ng'ombe mzima ahitaji lita 5 hadi 10 za dawa iliyochanganywa. Wengi hunyunyiza mgongo, ambao kupe hawaupendi. Wewe nyunyiza ndani ya masikio, chini ya mkia, katika kiwele, kwapani na katikati ya mapaja.

Pima dawa kwa chombo, kama ilivyoandikwa katika chupa. Dawa hafifu haiui kupe wote. Wale wenye nguvu hubaki, huzaa, na watoto wao huizoea dawa. Hivyo ndivyo kupe wa bluu wa Afrika ya Kusini walivyozoea dawa ya arseniki katika miaka ya 1930. Usitumie dawa ya pamba au ya mboga, maana yaweza kumwua ng'ombe na kudhuru wanywao maziwa yake. Wala usimwage masalio mtoni: maji ya Mto Mara huenda Ziwa Victoria, na dawa hii huua samaki.

7. Kumtazama mnyama kila asubuhi

Kabla ng'ombe hawajatoka zizini, pitisha mkono chini ya sikio la kila ndama na mbele ya bega lake. Tezi ya afya ni ndogo. Iliyovimba hujaa mkononi. Kama una kipimajoto, kitie katika njia ya choo. Joto la ng'ombe mzima wa afya ni kama digrii 38 na nusu. Likipita 39 na nusu, mtenge akae kivulini, umwite Bwana Mifugo siku hiyo hiyo. Yeye aweza kutoa maji kidogo ya tezi au damu ya sikio, akaipaka juu ya kioo, ikatazamwa kwa darubini.

Dawa iitwayo buparvakwoni huponya ndigana kali ikitolewa mapema. Mapafu yakiisha kujaa maji, hata dawa nzuri mara nyingi hushindwa. Oksitetrasaiklini, ambayo wengi huinunua kwanza, husaidia katika ndigana baridi na maji moyo, lakini haiponyi ndigana kali iliyokwisha kuanza. Mkojo mwekundu nao una dawa zake. Baada ya kutibu, usinywe maziwa wala kuchinja mpaka siku zilizoandikwa katika dawa zimekwisha.

Kuchoma tezi kwa chuma cha moto hakufai kitu. Tezi huvimba kwa sababu ugonjwa umo ndani yake na katika damu. Moto humwongezea mnyama maumivu na kidonda, na siku za kumponya hupita.

8. Chanjo

Ipo chanjo ya ndigana kali, iliyotengenezwa Muguga, nchini Kenya, katika miaka ya 1960 na 1970. Ndani yake zimo mbegu tatu za ugonjwa ulio hai, na moja katika hizo ilitokana na nyati wa Serengeti. Mnyama huchomwa chanjo sikioni pamoja na oksitetrasaiklini ya kukaa muda mrefu, siku ile ile, ili ugonjwa uingie kwa upole na mwili ujifunze kuushinda. Kwa kawaida mara moja hutosha kwa maisha yote. Yafaa hasa kwa ndama, tangu umri wa mwezi mmoja au miwili. Kwa kuwa huhifadhiwa katika baridi kali mno, huletwa kwa kundi la ng'ombe wengi. Basi majirani wapatane, wapeleke hesabu ya ndama wao kwa Bwana Mifugo pamoja.

Lakini chanjo hii haizuii mkojo mwekundu, wala ndigana baridi, wala maji moyo. Aliyechanja aendelee kudhibiti kupe kama atakavyoshauriwa.

9. Ng'ombe wageni

Ng'ombe aliyenunuliwa mnadani amtenge mwenyewe mbali na kundi, amwogeshe kabla hajaingia malishoni, na amtazame siku 30. Aliyepona ndigana kali aweza kubaki na mbegu zake katika damu akionekana mzima, na kupe wa malisho yako wakazichukua kwake. Na yule atokaye nchi isiyo na kupe hana nguvu ya kushindana na maradhi ya hapa, naye hufa upesi asipolindwa.

10. Maneno ya mwisho

Malisho ni ya wote, na kupe hajui mpaka wa zizi. Mtu mmoja akiogesha na jirani kumi wasiogeshe, majani yao humletea kupe kila siku. Kwa hiyo kila kitongoji kichague siku moja ya juma, wote wapeleke ng'ombe wao siku hiyo, na achelewaye aulizwe na wenzake.

Mambo matatu yasisahauliwe: josho kila siku ya saba, mkono chini ya sikio kila asubuhi, na tezi ikivimba, Bwana Mifugo leo, wala si kesho.