Kicheko Kinachohitaji Fundi

Mpigaji anasimama mbele ya hadhira na klarineti yake nzima. Piano inaanza, naye anaingia na wimbo wenye madaha, uso umetulia, vidole vyepesi. Mara anachomoa kipande cha ala, anakiweka kando na kuendelea kupiga. Kitambo kidogo, anachomoa kingine. Piano haimsubiri. Kila akirudi kwenye wimbo, klarineti imefupika, hadi anabaki na kile kipande cha kutia mdomoni, nacho kinaimba. Hapo ukumbi mzima huwa umeshaangua kicheko.

Kipande hicho cha muziki kinaitwa Immer kleiner, mtunzi wake ni Adolf Schreiner, na wapigaji klarineti wamekirithishana kizazi hadi kizazi. Hata hivyo, muziki wa namna hii hutengewa dakika za mwisho za onyesho, kama kwamba umekuja kuwaburudisha watoto. Nasema unastahili nafasi ya heshima, kwa sababu hakuna unaoianika ala na mpigaji wake waziwazi zaidi.

Tazama kinachotokea jukwaani. Klarineti ina vipande vitano: kinywa chenye ulimi wa tete, kiungo kifupi, mwili wa juu, mwili wa chini, na mwisho uliopanuka kama kengele. Ukiondoa kengele, noti nyingi hazibadiliki sana, maana sauti hutokea zaidi kwenye matundu ya ubavuni. Ukiondoa mwili wa chini, mkono wa kulia unakosa kazi na noti nzito zinapotea. Mpigaji hubaki na matundu ya mkono wa kushoto, lakini wimbo lazima usonge. Kinywa peke yake hutoa sauti moja kali, ambayo mpigaji huipandisha na kuishusha kwa midomo na kwa kiganja alichokikunja mbele ya tundu. Walimu wengi humwanzishia mwanafunzi mpya hapo hapo: apulize kinywa kitupu mpaka sauti itulie. Kwa hiyo fundi anamalizia mzaha wake mahali ambapo mwanafunzi huanzia somo la kwanza, na msikilizaji ameoneshwa ala inavyofanya kazi bila kuhutubiwa.

Mzaha umo katika maumbile ya klarineti tangu mwanzoni mwa karne ya 18, ilipoanza kutengenezwa na Johann Christoph Denner wa Nuremberg, Ujerumani. Filimbi ikipulizwa kwa nguvu zaidi huruka hadi noti ya 8. Klarineti huruka hadi noti ya 12. Ni pengo kubwa, na ndani yake watunzi wamepata paka, jogoo na walaghai. Richard Strauss, mwaka 1895, alimpa Till Eulenspiegel, mtukutu wa hadithi za kale, klarineti ndogo yenye sauti ya juu, inayofanya utundu wake na hatimaye kupiga ukelele anaponyongwa. Mwaka 1917 huko New York, bendi ya Original Dixieland Jazz Band ilirekodi Livery Stable Blues, moja ya santuri za kwanza kabisa za jazi, na humo klarineti ya Larry Shields inawika kama jogoo.

Miaka saba baadaye, katika mazoezi ya Rhapsody in Blue ya George Gershwin, mpigaji Ross Gorman aliamua kufanya utani: ngazi ya noti iliyoandikwa mwanzoni akaiteleza yote kwa mlio mmoja unaopanda. Gershwin aliupenda, akataka ubaki hivyo. Leo mlio huo ndio mwanzo wa klarineti unaojulikana kuliko mwingine wowote, na kuupiga kunahitaji vidole vinavyofunua matundu polepole huku koo na midomo vikiiongoza sauti. Utani wa siku moja umekuwa mtihani wa wanamuziki wa dunia nzima.

Wapo walioona haya. Camille Saint-Saëns alitunga Kanivali ya Wanyama mwaka 1886, na humo mpigaji klarineti hujificha nyuma ya pazia, akirudia noti mbili zilezile za ndege kekeo mara 21. Akihofia heshima yake ya mtunzi makini, alizuia kazi hiyo isichapishwe akiwa hai, isipokuwa sehemu ya bata maji. Ilichapishwa 1922, baada ya kifo chake, na leo ndiyo inayowafikisha watu wengi zaidi kwenye jina lake. Karlheinz Stockhausen hakuwa na hofu hiyo. Mwaka 1975 alimwandikia mpigaji klarineti Suzanne Stephens kipande cha Harlekin, ambamo mpigaji hucheza kwa mwili mzima huku akipuliza, kwa takriban dakika 45.

Anayetaka kuchekesha kwa klarineti ajiandae kuliko anayetaka kuliza. Maungio yapakwe mafuta mapema yasije yakakwama, mpiga piano azijue nafasi za kusubiri, na mpigaji mwenyewe asicheke hata kidogo. Noti ikikosewa katika wimbo wa huzuni, wengi hawatagundua. Mzaha ukichelewa nusu pigo, kila mtu anajua. Ndiyo maana nawasihi walimu na waandaaji wauweke katikati ya ratiba, masikio yangali macho, na wauhukumu kwa kipimo kilekile wanachompimia Mozart.