Usiitupe kalkuleta ya mjomba!

Msomaji wangu, leo tuachane kidogo na habari za mapenzi na pamba mpya. Nenda kwenye kabati la baba, babu au mjomba, vuta ile droo ya chini kabisa, yenye funguo zisizo na kufuli na stakabadhi za mwaka arobaini na saba. Ukikuta humo saa nene yenye kioo cheusi kisichoonyesha kitu, au kalkuleta yenye kidirisha chekundu, tulia. Usiitupe, na wala usimpe mtoto achezee.

Mimi ni mgonjwa wa vitu hivyo. Wenzangu wanakusanya jezi na raba, mimi nakusanya saa na kalkuleta za miaka ya 70, zile zinazowaka namba nyekundu kama kaa la moto. Masela wananicheka eti naokota skrepa. Wacha wacheke. Leo nawapa hadithi ya skrepa yenyewe, halafu tutajua nani wa kuchekwa.

BEI YA GARI, MKONONI

Taa hizo zinaitwa LED. Ni vijitaa vidogo sana visivyo na waya wa kuungua kama globu ya zamani, na vinawaka vikipitishiwa umeme kiduchu. Mmarekani Nick Holonyak alitengeneza chekundu kinachoonekana kwa macho mwaka 1962, akiwa General Electric. Miaka kumi baadaye, yaani 1972, kampuni ya Hamilton ya Marekani ikaingiza sokoni saa iitwayo Pulsar. Haikuwa na mishale wala haikulia tiki-tiki. Kasha lake lilikuwa dhahabu ya karati 18 na bei yake dola 2,100. Kwa fedha hizo, enzi hizo, Mmarekani alikuwa anakaribia kabisa kununua gari dogo jipya!

Na ilikuwa na maringo, bwana. Kioo kilikaa cheusi tii mpaka ubonyeze kitufe, ndipo namba zinawaka kidogo na kuzimika. Ukitaka kurekebisha saa, unachomoa kisumaku kilichofichwa kwenye kifungo cha mkufu, unakigusisha nyuma. Mwaka 1973 Roger Moore, akiigiza kama James Bond, alionekana na Pulsar ya chuma kwenye sinema ya Live and Let Die. Basi tena, kila mwenye nacho akaitaka.

Mwishoni mwa 1975 ikaja Pulsar ya dhahabu yenye kalkuleta ndani yake, dola 3,950. Rais Gerald Ford wa Marekani akaitamani iwe zawadi yake ya Krismasi. Mkewe, mama Betty, akaona bei hiyo haiwezekani. Hebu fikiria, mkuu wa taifa kubwa namna ile ananyimwa saa na mama watoto! Akina baba, hamko peke yenu.

KISHINDO CHA KUANGUKA

Sasa sikia lililofuata. Mwaka 1976 Texas Instruments wakatangaza saa ya LED ya plastiki kwa dola 20. Mwaka uliofuata ikawa dola 10. Miaka mitano tu, kitu kimetoka bei ya gari kimefika bei ya kumnunulia mtoto wa shule.

Kalkuleta nazo zilipita njia hiyo hiyo. Mwaka 1972 HP-35, kalkuleta ya mfukoni iliyowafanya mainjinia waweke kando rula zao za hesabu, iliuzwa dola 395. Mwaka 1976 Texas Instruments wakatoa TI-30, nayo ikapiga hesabu za sayansi kwa chini ya dola 25. Waliokuwa wakubwa wakalia. Bowmar, kampuni iliyoanza mapema kuuza kalkuleta za mkononi mwaka 1971 kwa dola 240, ilikuwa ikinunua chipu kwa wenzake. Wenzake hao wakaamua kuuza kalkuleta zao wenyewe, na Bowmar ikafilisika mwaka 1975.

Halafu LED zenyewe zilikuwa na kasoro ya kuzaliwa: zinakula betri kama mchwa. Ndiyo maana saa ilikaa imezima. Juani namba hazionekani vizuri. Na saa iko mkono huu, kitufe kinahitaji mkono ule. Kama umebeba mzigo, utajua saa ukishautua. Seiko mwaka 1973 na Casio mwaka 1974 wakaleta saa za LCD, namba nyeusi zinazokaa wazi usiku na mchana bila kumaliza betri. Ilipofika mwisho wa miaka ya 70, LED mkononi kwishnei. Zile Casio za plastiki tunazozijua sote ni watoto wa huo ushindi.

KITUFE CHA MJOMBA

Ndiyo maana vitu hivi viliishia kwenye droo. Vilishuka bei haraka mno, mwenye navyo akaona hata aibu kuvionyesha. Na kitu kisicho na bei hakitunzwi.

Ninayoipenda kuliko zote kwenye mkusanyiko wangu ni TI-30 ya marehemu mjomba. Alipofariki ilikuwa imeshatiwa kwenye kiroba pamoja na redio mbovu, ikisubiri mpima skrepa. Nikaichomoa, nikaiwekea betri ya mraba ya volti 9, ikawaka. Mjomba alikuwa mhazini wa chama cha kuzikana mtaani kwake. Kila msiba, yeye ndiye aliyegawa gharama kwa wanachama. Ukibonyeza vitufe vyake vyote ni vigumu kidogo, isipokuwa kimoja: kitufe cha kugawanya. Hicho kimelegea, kinazama kama kimechoka.

Juzi akaja jamaa anayenunua vitu vya kale. Akasema angetoa shilingi elfu hamsini, lakini kwa vile kitufe kimoja kimelegea, elfu thelathini. Dada yangu akanikanyaga mguu nichukue. Na ana hoja: mjomba mwenyewe angeiuza, maana hakuwa mtu wa kumbukumbu, alikuwa mtu wa hesabu. Lakini mimi naona jamaa alipunguza bei pale pale ambapo mimi ningeongeza. Sikuuza. Dada hajanisemesha vizuri tangu siku hiyo.

Simdanganyi mtu kwamba utatajirika. TI-30 zilitengenezwa nyingi mno. Ila chipu hizo za zamani hazipo tena dukani, na mara nyingi fundi akitaka kufufua moja inabidi achinje nyingine. Kila inayokwenda kwa mpima skrepa imepunguza idadi.

UKITAKA KUANZA

Kwanza, fungua pa kuwekea betri. Ukiona unga mweupe au kutu ya kijani, betri imevuja. Kama kutu haijala vyuma, inasafishika. Kama imekula mpaka kwenye nyaya za ndani, mwachie muuzaji.

Pili, iwashe na uandike 8 mara nane. Namba 8 inawasha vipande vyote saba vya kila tarakimu, kwa hiyo palipokufa utapaona hapo hapo. Isiyowaka usiilipie bei ya inayowaka.

Tatu, HP za zamani zenye betri ya kuchaji usizichomeke kwenye chaja bila betri nzima ndani. Baadhi, kama HP-25, zinaweza kuungua saketi, na hapo umenunua kizuizi cha mlango.

Nne, angalia usiuziwe mpya kwa jina la kale. Hamilton wenyewe mwaka 2020 walitoa saa iitwayo PSR yenye sura ya ile Pulsar, na zipo LED za bei chee zinazotengenezwa upya. Si mbaya kuzivaa, ubaya ni kulipia umri ambao hazina.

Tano, ukimaliza kuichezea, toa betri. Huo ndio utunzaji wenyewe, na hauna gharama.

Na ukishaipata, usiifungie kama mkufu wa bi harusi. Itumie! Saa ikiwaka 7:00, wewe soma saa moja. Kwenye kalkuleta andika 138, igeuze juu chini, utasoma BEI. Andika 1818, igeuze, utasoma BIBI. Mjomba ndiye aliyenifundisha hiyo, na wahindisi wa Marekani sidhani kama walijua mashine yao inasema Kiswahili.

Haya, nenda kafungue droo. Lakini mwombe mwenyewe ruhusa kwanza, tena muulize alikuwa anahesabu nini. Wiki ijayo tukijaliwa.