Vibali vya kazi vya wageni mkoani Rukwa

Kibali cha kazi ni hati inayotolewa na Kamishna wa Kazi ili kumruhusu mtu asiye raia wa Tanzania kufanya kazi fulani, kwa mwajiri fulani, kwa muda uliotajwa. Katika Mkoa wa Rukwa hati hiyo inawahusu mapadre na masista, madaktari, walimu, mafundi wa miradi ya ujenzi, na pia wafanyabiashara na vibarua wanaovuka mpaka kutoka Zambia au Ziwa Tanganyika kutoka Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo.

Msingi wake ni Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015, iliyoanza kutumika tarehe 15 Septemba mwaka huo. Kabla yake ofisi mbalimbali za serikali zilikuwa zikitoa ruhusa za namna hiyo, kila moja kwa sheria yake. Tangu 2015 kwa upande wa Tanzania Bara mamlaka yapo kwa Kamishna wa Kazi. Zanzibar ina sheria zake za kazi na hutoa vibali vyake yenyewe.

Hati mbili, si moja

Kosa linalorudiwa sana ni kudhani kwamba kibali cha kazi na kibali cha ukaazi ni kitu kimoja. Cha kwanza kinatoka idara ya kazi. Cha pili kinatoka Idara ya Uhamiaji kwa mujibu wa Sheria ya Uhamiaji ya 1995. Mgeni anayeajiriwa anahitaji vyote viwili, na kwa kawaida cha kazi hutangulia, kwa sababu Uhamiaji hutaka kukiona kabla ya kutoa cha ukaazi.

Kinachozidi kuwachanganya watu ni kwamba hati zote mbili zina madaraja yenye herufi, lakini herufi hizo hazilingani. Kibali cha kazi kina madaraja matano: A ni ya wawekezaji na waliojiajiri, B ni ya wenye taaluma zilizotajwa, kama vile za tiba na afya, mafuta na gesi, na ualimu wa sayansi na hisabati, C ni ya taaluma nyingine, D ni ya wanaofanya kazi katika mashirika ya dini na ya hisani yaliyosajiliwa, E ni ya wakimbizi. Kibali cha ukaazi kina matatu: A ya wawekezaji, B ya walioajiriwa, C ya watawa, wanafunzi, watafiti na wengineo. Kwa hiyo sista kutoka nje anayehudumu Sumbawanga huwa na D ya kazi pamoja na C ya ukaazi. Mwalimu wa fizikia huwa na B mbili. Mhasibu huwa na C ya kazi na B ya ukaazi. Anayejaza fomu bila kujua hilo ataandika herufi moja pote na maombi yake yatarudishwa.

Nyaraka zinazotakiwa

Mwombaji halisi ni mwajiri, naye anatakiwa kuanza maombi mgeni akiwa bado nje ya nchi. Kwa upande wa mwajiri huhitajika barua ya maombi, hati za usajili wa kampuni au shirika, namba ya mlipakodi, leseni ya biashara pale inapohusika, mkataba wa ajira na maelezo ya kazi yenyewe. Kwa upande wa mgeni ni nakala ya pasipoti, picha, wasifu wa kazi na vyeti vya elimu vilivyothibitishwa. Mwenye taaluma inayosimamiwa na baraza au bodi, kwa mfano daktari, muuguzi au mhandisi, huongeza usajili kutoka huko. Siku hizi maombi hupitia mtandaoni, lakini mfumo hauondoi wajibu wa kuwa na karatasi halisi.

Mambo mawili katika orodha hiyo yanastahili kuangaliwa zaidi. La kwanza ni vyeti. Vyeti vinavyotoka Kongo au Burundi huwa kwa Kifaransa, na sharti vifasiriwe kwa Kiswahili au Kiingereza na mfasiri anayekubalika. Jina likiandikwa kwa tahajia moja kwenye cheti na nyingine kwenye pasipoti, tofauti hiyo ielezwe kwa hati ya kiapo mapema. Tofauti ya herufi moja tu inaweza kuchelewesha jambo kwa wiki nyingi.

La pili ni mpango wa kurithishana kazi. Sheria inamtaka mwajiri aoneshe kwamba alitafuta Mtanzania mwenye sifa akamkosa, kisha aeleze ni raia yupi atakayefundishwa kazi hiyo na kwa utaratibu gani, ili mgeni akiondoka pasiwe na pengo. Wengi hulijaza sehemu hii kama mchezo. Lakini ndiyo kiini cha sheria yenyewe: kibali hutolewa kwa miezi 24 na huweza kuhuishwa, ila si milele.

Kibali hakihamishiki. Mgeni akibadili mwajiri, maombi yaanze upya. Mwenzi wa ndoa aliyekuja kwa hati ya mtegemezi haruhusiwi kuajiriwa kwa hati hiyo. Viza ya utalii hairuhusu kazi yoyote, hata ya kujitolea bila mshahara. Vijana wanaokuja kufundisha shuleni au kusaidia hospitalini "kwa miezi miwili tu" hujikuta matatani kwa sababu hiyo.

Mpakani

Mstari wa mpaka wa kusini ulitokana na mkataba wa Wajerumani na Waingereza wa 1890, nao uliwagawa Wamambwe na Walungu. Hadi leo kuna familia zenye shamba upande mmoja na wajomba upande wa pili, kati ya Wilaya ya Kalambo na Mbala nchini Zambia. Kituo cha Kasesya na bandari ya Kasanga ni njia halali za kuingilia, lakini ruhusa ya kuingia si ruhusa ya kufanya kazi. Anayevuka kwenda msibani hana shida. Anayevuka kwenda kuvuna mahindi kwa ujira, kwa sheria ilivyo, ni mgeni aliyeajiriwa.

Zambia si mwanachama wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kongo ilijiunga mwaka 2022, na itifaki ya soko la pamoja iliyoanza Julai 2010 inazungumzia uhuru wa wafanyakazi kuhama, lakini Tanzania bado inadai kibali kwa raia wa nchi wanachama. Zaidi ya hayo, amri ya serikali ya Julai 2025 iliwakataza wasio raia kufanya biashara kadhaa ndogo, ikiwemo kununua mazao moja kwa moja shambani. Kwa uwanda wa Ufipa, unaolima mahindi kwa wingi, katazo hilo si dogo.

Raia wanaodhaniwa wageni

Mwaka 1972 maelfu ya Warundi walikimbilia Tanzania, na makazi ya Katumba na Mishamo yakaanzishwa. Yote mawili yalikuwa ndani ya Rukwa hadi Mkoa wa Katavi ulipotengwa mwaka 2012. Takriban watu 162,000 wa kundi la 1972 walikubaliwa uraia, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Wenye vyeti hivyo ni Watanzania kamili wala hawahitaji kibali chochote cha kazi. Mwajiri anayewadai kibali anakosea. Cha kuomba ni cheti cha uraia au kitambulisho cha taifa, kama kwa raia mwingine.

Kitambulisho nacho kisomwe kwa makini. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa hutoa kadi kwa raia, kwa wageni wakaazi na kwa wakimbizi, na kila kundi lina kadi yake. Kadi ya mgeni mkaazi inathibitisha kwamba anaishi nchini kihalali. Kuhusu kazi, bado ataulizwa kibali.