Boya la patipati lilivyonifunza kusoma mto

Jumamosi ya kwanza nilifika Mto Sagana na maboya 12 mapya ndani ya kisanduku cha plastiki. Mengine mekundu, mengine ya kijani kinachong'aa kama taa za matatu. Nilikuwa nimeyanunua Nairobi kwa Sh1,200, karibu pesa yote niliyokuwa nimebaki nayo. Binamu yangu wa miaka 13 alikuja na boya moja tu. Alikuwa amelikata kwenye patipati kuukuu, akapenyeza kijiti cha mishikaki katikati.

Kufikia saa sita mchana yeye alikuwa na samaki sita wadogo. Mimi nilikuwa na sifuri na jua la utosi.

"Cuzo, boya lako linakimbia sana," aliniambia. "Samaki hawezi kufukuza chakula hivyo."

Nilicheka. Nilidhani ni utoto.

Wacha nieleze nilivyofika huko. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilipokataa kupatikana. Mama akaniambia niende kwa mjomba, Sagana, nikae kidogo akili itulie. Mjomba huvua kwa leseni na kumuuzia mama mmoja mwenye kibanda cha samaki wa kukaanga kando ya barabara kuu. Lakini mwezi huo mgongo ulikuwa umemlaza kitandani. Kazi ikamwangukia mwanawe, siku za Jumamosi tu kwa sababu ya shule, na mimi ndiye mtu mzima wa kumsaidia. Pesa ya samaki ndiyo iliyokuwa nauli yake ya wiki nzima.

Jumamosi ya pili nilimshawishi aweke kando patipati lake atumie boya langu la kisasa. Tulirudi na samaki wawili, sisi wote. Wiki hiyo alitembea kwenda shule siku tatu. Hakulalamika, na hilo ndilo lililoniuma. Nyumba moja ilikuwa tayari na mtu aliyeacha masomo. Sikutaka kuwa sababu ya kuongeza wa pili.

Basi nikakubali kufunzwa.

Boya hufanya kazi gani?

Boya, ambalo wengine huliita chelezo, lina kazi tatu: kushikilia chambo kwenye kina unachotaka, kukisafirisha na mkondo, na kukuonyesha samaki anapogusa. Kwenye bwawa lililotulia, hiyo kazi ya pili ni kama haipo. Mtoni ndiyo kazi yenyewe. Unaliachilia boya liteleze na maji, huku chambo kikipita chini yake, hadi pale samaki walipojificha. Waingereza wamevua hivi miaka mingi kwenye mito kama Trent na Avon, na hata kuna aina ya boya inayoitwa Avon kwa jina la mto huo.

Sasa siri yenyewe. Jumamosi ya tatu binamu alinisimamisha mahali ambapo maji yalinifika magotini. "Sikiza na miguu," akasema. Kwenye magoti maji yalinisukuma. Kwenye vidole, katikati ya mawe, yalikuwa yamepoa.

Maji ya juu hukimbia kuliko ya chini, kwa sababu ya chini yanasuguana na mawe na mchanga. Boya lako liko juu kwenye kasi, chambo kiko chini kwenye upole. Ukiliachilia tu, boya litakikokota chambo kama mtoto anayevutwa mkono sokoni. Mnyoo wa kawaida haupiti na kasi hiyo, na samaki si mjinga.

Dawa ni kuuzuia mshipi kidogo kwa kidole ili boya lipunguze mwendo. Hapo chambo kinatangulia mbele yake, polepole, kama kitu kilichoanguka mtoni chenyewe.

Ndipo nilipoelewa kwa nini yangu yalifeli. Yote 12 yalikuwa ya kufungwa sehemu moja tu, upande wa chini. Ukizuia mshipi, boya la aina hiyo linavutwa chini ya maji au linahama njia. Boya la mto hufungwa juu na chini kwa vipete vya mpira, mshipi ukapita ubavuni mwake na kutokea kwenye ncha. Ukilizuia, linasimama imara.

Chagua kwa maji, si kwa macho

Kwanza, kasi. Maji yakienda pole na laini, chukua boya jembamba. Hilo huonyesha hata samaki akionja tu. Maji yakiwa ya kasi na yenye mawimbi, chukua nene, lenye mwili mkubwa upande wa juu karibu na ncha, ili mawimbi yasilimeze. Kosa la wengi ni kuchukua dogo kabisa wakidhani samaki hatalishtukia. Boya dogo halibebi uzito wa kutosha, kwa hivyo chambo hakifiki chini, halafu unaanza kusema mto hauna samaki.

Pili, kina. Wavuvi wa Uingereza wana kanuni rahisi: kwa kila futi moja ya maji, boya libebe kizito kimoja cha namba 4, yaani kama gramu 0.2, kisha uongeze kimoja au viwili. Maji ya futi sita yanataka boya la kubeba takriban gramu 1.4 hadi 1.6. Hapo ni pa kuanzia tu. Mkondo ukiwa mkali, panda. Kujua kina, sogeza boya juu ya mshipi kidogo kidogo kila unaporusha. Likianza kuyumba na kuzama mahali palepale, ujue ndoana inagusa chini. Lirudishe kidogo.

Tatu, rangi. Rangi ya ncha ni ya macho yako wewe, samaki haimhusu. Maji yakimetameta kwa jua, ncha nyeusi huonekana vizuri zaidi. Kwenye kivuli cha miti, nyekundu au rangi ya chungwa.

Nne, jaribu nyumbani. Jaza ndoo maji, tia boya na chubwi, vile vizito vya kuzamisha mshipi. Ongeza hadi ibaki ncha tu juu. Boya likibaki limesimama nusu nzima nje, samaki atalazimika kupigana nalo kabla hujajua amekuja. Anasikia uzito, anatema, anaenda zake.

Halafu kuna jambo moja nililomkataza binamu, na hapo mimi ndiye niliyekuwa mwalimu. Alikuwa anabana chubwi za risasi kwenye mshipi kwa meno. Risasi ni sumu, hasa kwa mwili wa mtoto. Uingereza walipiga marufuku uuzaji wa vizito vingi vya risasi vya kuvulia mwaka wa 1987, baada ya bata maji wakubwa kufa kwa kuvimeza. Tukabadilisha, tukaanza kufunga nati ndogo za chuma. Hazipendezi, lakini zinazama.

Tengeneza lako

Huhitaji Sh1,200. Kata kipande cha patipati chenye unene wa kidole gumba, ukichonge kama karoti, upande mnene ukiwa juu. Penyeza kijiti cha mishikaki katikati, kitokeze kidogo juu na zaidi kidogo chini. Lainisha kwa msasa. Ncha ipake rangi ya kucha. Sisi tuliiba ya dada mkubwa, samahani dada. Kata vipete viwili vya mpira mwembamba wa valvu ya baiskeli, kimoja juu na kimoja chini, upitishe mshipi ndani. Tengeneza matatu ya unene tofauti, kwa sababu mto wa asubuhi si lazima uwe mto wa jioni, hasa mvua ikinyesha huko mlimani.

Na mvua ikinyesha mlimani, toka majini. Mto hujaa hata kama kwenu jua linawaka. Waulize wenyeji kuhusu viboko na mamba kabla ya kushuka kingoni, na upitie ofisi ya uvuvi ya kaunti uulize kuhusu leseni. Usiende peke yako.

Jumamosi ya nne tulienda na maboya matatu ya patipati. Niliweka ugali wa jana kwenye ndoana, nikatumia boya nene, nikauzuia mshipi kwa kidole kama nilivyoelekezwa. Ncha ilitetemeka mara moja, kisha ikapotea. Alikuwa kambare, si mkubwa sana, lakini nilipiga nduru hadi watu wa ng'ambo wakageuka. Jioni mama wa kibandani alihesabu samaki 14, akalipa. Binamu alipanda matatu Jumatatu hadi Ijumaa.

Kile kisanduku changu nilikipeleka kwa vijana wanaovua bwawani. Juzi nilipita hapo. Maboya yote yalikuwa yamesimama wima kwenye maji matulivu, mekundu na ya kijani, na ndoo yao ilikuwa imejaa ngege. Hayakuwa mabaya. Nilikuwa nimeyapeleka kwenye maji yasiyo yake.