Mafuta ya Kukaangia Nayo Huchoka

Ukishuka melini Nansio, kisiwani Ukerewe, harufu ya sato wa kukaanga hukupokea. Kabla ya kununua, tupia jicho karaini. Mafuta yakiwa meusi, yana povu lisilotulia na moshi wa kuwasha macho, jua kuwa yamechoka. Hata majumbani mwetu tunayo mafuta ya namna hiyo, kwani bei ni kubwa na kuyamwaga huuma. Basi na tujue kinachotokea ndani ya karai.

Kila chembe ya mafuta ya mimea ni gliserini iliyoshikana na asidi tatu za mafuta. Mafuta ya mbegu za pamba, zao la siku nyingi la Kanda ya Ziwa, karibu nusu yake ni asidi ya linoleiki. Asidi hiyo ina sehemu mbili dhaifu, nazo hushambuliwa na oksijeni ya hewani, hasa penye moto. Ndipo mafuta huchacha, na chembe zake hushikamana zikaacha utando wa gundi kwenye ukingo wa karai. Maji ya samaki nayo huzitenga asidi na gliserini, na mafuta huwahi kutoa moshi. Gliserini ikiungua hutoa akrolini, mvuke uwashao macho na koo. Mawese ya Kigoma huchelewa kuchacha, kwa kuwa karibu nusu ya asidi zake hazina udhaifu huo. Ndiyo sababu pia huganda wakati wa baridi.

Kwa hiyo mkaushe samaki kabla ya kumkaanga. Usiyaache mafuta motoni bure. Yakipoa, yachuje, uyafunike na kuyaweka mbali na mwanga. Wala usiongeze mafuta mapya juu ya yaliyochakaa: yatachakaa upesi pia.

Yaliyochoka bado yana kazi: yakichanganywa na kostiki soda huwa sabuni. Kilo moja ya mafuta ya pamba huhitaji takribani gramu 130 za kostiki soda. Tia soda ndani ya maji, kamwe si maji juu ya soda. Usitumie sufuria ya alumini. Kinga macho na mikono, na watoto wakae mbali. Vipande vikauke wiki nne.

Hivyo mafuta yaliyokwisha kazi jikoni yatafua nguo za watoto, badala ya kuingia matumboni mwao.