Senti ya Ziada kwa Umeme wa Jua: Mnunuzi Hupata Nini?

Katika nchi nyingi za Ulaya, na katika sehemu nyingi za Marekani, mama wa nyumbani aweza kuchagua umeme autakao. Akipenda, hununua umeme wa kawaida. Akipenda, hulipa senti chache zaidi ili auziwe umeme utokanao na jua, upepo au maji. Hakuna sheria imlazimishayo kufanya hivyo, na kwa sababu hiyo soko hilo huitwa soko la hiari. Lakini kila ajaliye fedha za nyumba yake hana budi kuuliza: senti zile za ziada huenda wapi?

Jibu la kwanza huwashangaza wengi. Taa ya mnunuzi haibadiliki hata kidogo. Umeme wa mitambo yote huingia katika nyaya zile zile, kama kijiji kizima kimiminavyo maji katika tangi moja. Achotaye hawezi kujua maji aliyoyapata yaliletwa na ndoo ya nani. Nyumba iliyo karibu na mtambo wa makaa ya mawe itaendelea kuwashwa na makaa, hata kama mwenyewe amelipia upepo.

HATI KWA KILA UNITI 1,000

Kinachouzwa, basi, ni hesabu. Kila mara mtambo wa jua, upepo au maji unapotoa uniti 1,000, huandikiwa hati moja inayotaja mtambo wenyewe, aina yake na wakati umeme ulipotolewa. Hati hiyo huweza kuuzwa mbali na umeme wenyewe. Kampuni inayowaahidi wateja wake umeme wa upepo hutakiwa kupata hati zinazolingana na uniti walizotumia, kisha kuzifuta daftarini zisipate kuuzwa tena. Nchini Marekani, utaratibu wa ukaguzi uitwao Green-e umekuwako tangu mwaka 1997 ili kuwalinda wanunuzi.

Hata hivyo, hati ya kweli yaweza kuwa na faida ndogo. Norway ni mfano mzuri. Karibu umeme wote wa nchi hiyo hutokana na maporomoko na mabwawa, na mengi ya mabwawa hayo yalijengwa miongo mingi iliyopita. Wenye mitambo huuza hati zao kwa wanunuzi wa nchi nyingine za Ulaya. Hapo hutokea jambo la ajabu: Mnorway asiyenunua hati huhesabiwa kuwa ametumia kwa sehemu kubwa umeme wa makaa, gesi na nyuklia, ingawa bwawa lipo bondeni kwake. Hesabu hiyo ni halali, kwani aliyekwisha kuuza hati hawezi kujivunia tena umeme ule ule. Lakini bwawa lingetoa umeme hata kama hati isingenunuliwa, na mnunuzi wa mbali hakuongeza hata mtambo mmoja.

WAZAZI WA SCHÖNAU

Tofauti na hayo ni habari ya Schönau, mji mdogo wa Ujerumani wenye watu wapatao 2,500. Baada ya ajali ya mtambo wa nyuklia wa Chernobyl mwaka 1986, wazazi wa mji huo waliingiwa na hofu juu ya watoto wao. Miongoni mwao walikuwa Ursula Sladek, mwalimu na mama wa watoto watano, na mumewe Michael, aliyekuwa daktari. Walianza kwa kuwahimiza majirani wabane matumizi ya umeme. Kampuni ya umeme ilipokataa kushirikiana nao, waliazimia kuzinunua nyaya za mji. Wananchi walipiga kura mara mbili, mwaka 1991 na mwaka 1996, na mara zote mbili wazazi hao walishinda. Mwaka 1997 nyaya zikawa mikononi mwa wakazi wenyewe.

Soko la umeme la Ujerumani lilipofunguliwa mwaka 1998, Schönau ilipata nafasi ya kuwauzia watu wa mbali pia. Hapo ndipo senti ya ziada ilipopewa kazi maalumu: sehemu ya bei, kuanzia nusu senti kwa kila uniti, ilitengwa kuwasaidia watu kujenga mitambo mipya. Umeme wa mteja haukubadilika, lakini paa lililokuwa tupu lilifunikwa kwa vioo vya jua. Mwaka 2011 Ursula Sladek alitunukiwa tuzo ya mazingira ya Goldman.

TAA ZA NDOSHO

Soko hilo limekwisha kufika hata Afrika ya Kati. Mwaka 2020 kampuni ya Nuru ilifungua mjini Goma, Kongo, mtambo wa jua wenye nguvu ya megawati 1.3. Hati za mtambo huo zilinunuliwa na kampuni ya Microsoft ya Marekani, na fedha zake zikasaidia kuweka taa za barabarani katika mtaa wa Ndosho. Mnunuzi aliyekuwa ng'ambo hakupata hata uniti moja ya umeme wa Goma. Aliyepata mwanga ni mpita njia wa Ndosho.

Kwa hiyo mnunuzi mwangalifu huuliza mambo matatu kabla ya kulipa. Je, hati yake itafutwa, isiuzwe mara mbili? Je, umeme huo unazidi ule ambao sheria tayari inaulazimisha kuzalishwa? Na je, fedha yake inajenga mtambo mpya, au inamwongezea faida tu mwenye bwawa la zamani? Akijibiwa vizuri, senti yake imefanya kazi. Asipojibiwa, amenunua karatasi.