Usalama Nyumbani: Njia ya Mzee Kutoka Kitandani Hadi Chooni

Safari hii sitasema juu ya kofia wala viatu vya usalama. Nataka tuseme juu ya baba yako na mama yako, wale wazee wanaokaa katika chumba cha nyuma ya lupango, na juu ya njia wanayopita usiku kwenda chooni.

Wewe unayefanya kazi chini ya udongo, kila siku unafanya jambo moja bila kusukumwa na kapita. Kabla ya kuingia mahali palipolipuliwa baruti, unashika mtaimbo, unagonga dari ya mwamba na kusikiliza. Ikilia kama chuma, unaendelea. Ikilia kama ngoma, unajua kuna jiwe lililoachana na wenzake, na unaliangusha kwanza ukiwa umesimama mahali salama. Hakuna anayekuita mwoga kwa sababu hiyo. Sasa nakuuliza: nyumba ya mama yako uliigonga lini?

Usione haya. Mimi ninayekuandikia sikuwa nimeigonga ya kwetu. Miaka mingi nimefunga vidole na miguu ya wachimbaji na kuwafundisha huduma ya kwanza. Baba yangu, mchimbaji wa zamani, alikuwa akikaa kwa mdogo wangu. Usiku mmoja wa mvua, mwezi wa pili, aliamka kwenda chooni. Umeme ulikuwa umekatika. Njia aliijua, aliipita miaka kumi na miwili. Lakini kizingiti cha mlango wa jiko kilikuwa kimemeguka upande mmoja, na sisi wote tulikuwa tumezoea kukiruka. Mzee hakukiruka. Alilala katika matope mpaka alfajiri, mfupa wa paja umevunjika pale juu karibu na nyonga.

Nilipomwuliza kwa nini hakuita mtu, alinyamaza kwanza. Mdogo wangu alikuwa zamu ya usiku. Nyumbani walikuwapo mke wa mdogo wangu na watoto wadogo tu. «Nimwite mkwe wangu anipeleke chooni?» akaniambia. Mnaijua desturi yetu ya ukwe, sina haja ya kuieleza. Tangu siku ile naona kwamba tiyo moja ya chuma ya kushikilia inamlindia mzee heshima yake kuliko watu watatu wa kumbeba.

Wengi wanautazama mji wetu wa Kasumbalesa kama mji wa vijana: forodha, makamyo yanayopanga mstari kwenda Zambia, wachuuzi na wabadilishaji wa fedha. Lakini piga hesabu kidogo. Mgodi wa Musoshi, jirani yetu, ulianza kutoa shaba mwaka 1972. Kijana aliyeingia pale akiwa na miaka 20 sasa amepita 70. Wale zaidi ya 10,000 walioacha kazi Gécamines katika mpango wa kuondoka kwa hiari wa 2003 na 2004, wengi wao nao ni wazee. Zamani za kambi kampani ilituma fundi kuziba malata na kupaka chokaa. Nyumba ikishakuwa yako, fundi ni wewe.

Tena usidhani kuanguka ni jambo dogo. Shirika la Afya Duniani, lile tunaloliita OMS, linahesabu watu wapatao 684,000 wanaokufa kila mwaka ulimwenguni kwa kuanguka. Katika ajali zisizokusudiwa, ni zile za barabarani tu zinazoua zaidi, na wanaokufa wengi kwa kuanguka ni waliopita miaka 60. Sisi hapa tunaogopa kamyo, tunawavuta watoto kando linapopita. Kizingiti cha jiko hatukiogopi.

Kijana akijikwaa hurusha mguu wa pili mbele, hutukana kidogo, akaendelea. Mzee hawezi. Misuli ya mapaja imelegea, macho hayaoni vizuri katika giza, na akiinuka haraka damu huchelewa kupanda kichwani, akaona kizunguzungu. Mfupa wake nao umepungukiwa ndani, hasa kwa akina mama waliokwisha kukoma hedhi. Kwa hiyo pigo ambalo kwako ni alama ya bluu, kwake ni mfupa kuvunjika.

Basi fanya hivi. Usiku mmoja zima taa zote, vaa sandali za mzee, lala kitandani pake, kisha inuka uende chooni polepole kama yeye. Mke wako atacheka, mwache acheke. Kila mahali mkono wako utakapotafuta kitu cha kushika, tia alama ya chokaa. Kila mahali mguu utakapogonga, tia alama nyingine. Asubuhi utakuwa na orodha yako ya kazi, nayo itakuwa bora kuliko yoyote nitakayoiandika mimi.

Anza na kitanda. Mzee akikaa ukingoni, nyayo zake zikae sawasawa chini na magoti yawe usawa wa nyonga. Kama analala karibu na sakafu, mnyanyulie kitanda. Ukiweka matofali chini ya miguu ya kitanda, yajengee kwa simenti yasiteleze. Toa mkeka ulio njiani. Waya wa umeme usipite sakafuni. Karibu na mto weka taa ndogo ya betri au ya jua, mahali mkono unapofika bila kutafuta. Siku hizi zinauzwa sokoni kwa bei nafuu. (Taa ya kofia ya kampani iache kazini, tafadhali. Sitaki niambiwe kwamba ni mimi niliyekutuma.) Na mzee azoee kukaa kitandani kidogo kabla ya kusimama, ahesabu mpaka thelathini.

Kizingiti hatuwezi kukitoa, maana ndicho kinachozuia maji ya mvua. Lakini kilichomeguka kizibwe leo, na juu yake ipakwe chokaa nyeupe ionekane gizani. Kama mlango uko juu, jenga ngazi zenye kimo kimoja, kama sentimita 15 kila moja. Ngazi zisizolingana ndizo mbaya kabisa: mguu hujifunza kimo cha ya kwanza, kisha ya pili humdanganya. Kwa mzee wa kiti cha magurudumu au mwenye magoti mabaya, jenga mteremko badala ya ngazi. Kila sentimita 10 za kwenda juu zahitaji sentimita 120 za urefu. Ukifupisha, umemjengea mahali pa kutelezea.

Njia ya uani itengeneze kabla ya mwezi wa kumi na moja, mvua zisikukute. Panga matofali yaliyochomwa juu ya mchanga, au mwaga simenti na kokoto. Usiilainishe simenti kama ukuta wa sebule! Ikiwa bado mbichi, ipitishie ufagio mgumu ibaki na michirizi, ili mguu upate kushika. Vivyo hivyo mahali pa kuogea, ambapo sabuni na simenti laini vimeangusha wazee wengi. Pale pia mpe kiti cha kukalia, chenye miguu minne iliyotanuka. Kama kuna kisima katika lupango, kiwe na ukuta na kifuniko; hilo ni la watoto pia.

Sasa tiyo. Wengi hupigilia misumari ukutani, wakafunga ubao, wakaona wamemaliza. Ukuta wa tofali bichi haushiki msumari. Siku mzee atakapoegemea kwa uzito wake wote, ubao utatoka naye. Kamba ya kuanikia nguo ni mbaya vilevile, kwa kuwa inayumba. Chukua tiyo ya chuma ya maji, unene kama wa sentimita 4, mkono upate kuizunguka. Chimba shimo la sentimita 60, isimamishe, mwaga simenti, mchanga na kokoto, uiache siku saba bila kuguswa. Mti haufai, michwa wetu wa Katanga watakula sehemu iliyo chini nawe hutaona. Weka moja mlangoni, nyingine chooni upande wa mkono wake wenye nguvu, na kama uani kuna mteremko, unganisha tiyo mbili kwa ya tatu inayolala, kimo cha sentimita 90.

Choo chetu cha kuchuchumaa ni adui wa goti. Seremala anaweza kutengeneza sanduku zito lenye tundu, kimo cha sentimita 45, likakaa juu ya shimo na kuondolewa wengine wanapotaka. Usiku wa mvua kubwa ndoo yenye kifuniko chumbani si aibu. Ila mwulize mzee kwanza. Mama mmoja aliyenijia dispensari alikuwa amekataa kila kitu, akisema yeye si mgonjwa. Mwanawe alipomwambia tiyo ile ni kwa ajili ya dada zake wa Likasi watakapokuja kumtembelea, alionyesha mwenyewe mahali pa kuichimbia.

Utasema: fedha ziko wapi? Ndugu yangu, mimi nimekaa kwenye matanga mengi. Nimeona watoto wa marehemu wakikodi gari, wakinunua sanduku la bei kubwa, wakilisha watu siku nyingi. Mfuko mmoja wa simenti haufiki gharama ya usiku mmoja wa matanga. Iteni ndugu wa Lubumbashi na wa Likasi, mgawane kazi mzee akiwa hai.

Neno juu ya mbabula, kwa kuwa mwezi wa sita na wa saba baridi yetu ya usiku ni kali na wazee wanaisikia zaidi. Nyinyi wachimbaji mnajua: baada ya kulipua baruti, hakuna anayeingia mpaka hewa isafishwe. Katika moshi ule mna gesi ya monoksidi ya kaboni. Makala yanayowaka ndani ya chumba kilichofungwa yanatoa gesi hiyo hiyo, hata kama huoni moshi, wala haina harufu. Mzee anaanza kuumwa kichwa, analegea, analala, haamki. Mbabula isilale chumbani, hata ikiwa imefunikwa majivu. Mpe blanketi la pili na soksi.

Na ikiwa ameanguka? Usimvute kwa mikono kumsimamisha. Tazama miguu: ikiwa mmoja umekuwa mfupi na kidole gumba kimegeukia nje, nyonga imevunjika. Usimkande, usimwite mtu wa kuvuta mifupa. Mfunge mguu mbovu pamoja na mzima, weka blanketi katikati, mbebe juu ya mlango au ubao mpana kama tunavyobeba majeruhi shimoni, mfunike asipate baridi, usimpe chakula mpaka munganga aseme, kwa maana huenda atapasuliwa. Wengine humlaza nyumbani wakisubiri mfupa uungane wenyewe. Kulala miezi bila kutibiwa huleta vidonda vya mgongo, kuganda kwa damu na ugonjwa wa mapafu, na hivyo ndivyo vinavyoua.

Mkija dispensari leteni dawa zote za mzee. Nyingine za shinikizo la damu huongeza kizunguzungu, na ile ya kukojoza ikimezwa jioni humwamsha usiku mara tatu. Msiziache wenyewe, munganga atapanga saa zake.

Baba yangu alirudi nyumbani baada ya miezi mitatu, mguu mmoja mfupi kidogo, fimbo mkononi. Mdogo wangu na mimi tulisimamisha tiyo nne Jumapili moja, na mwenyewe alizigonga zote kwa fimbo yake akisikiliza, kama alivyokuwa akigonga dari. Ya pili aliikataa, tukaichimba upya.